Bahasha ya ada na taa ya usukani

Jumatatu asubuhi, nikiwapeleka watoto shule, taa yenye alama ya usukani iliwaka na usukani ukawa mzito. Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. Akasema tununue mota mpya ya usukani. Mume wangu akaitoa bahasha ya ada.

Nikamwambia, "Baba watoto, subiri kwanza."

Tukamwita fundi umeme wa mtaani. Akapima betri: volti 11.8, wakati iliyojaa hufika 12.6. Kichwa kimoja cha waya kilikuwa kimelegea na kushika kutu. Kumbe usukani wa umeme ukikosa nguvu ya betri, huwasha taa. Akasafisha, akakaza, akachaji. Taa ikazimika.

Ijumaa tulilipa ada. Wazazi wenzangu, anzeni na betri.