Mzigo usiongee! Kariakoo mpaka Bagamoyo kwa baiskeli

MPENZI msomaji, kama hujawahi kumwaga nguo zako za ndani juu ya turubai katikati ya Kariakoo, wapita njia wakikukodolea macho, basi hujaadhirika bado. Mimi yamenikuta, na wiki hii nakupa mkasa mzima.

Mambo yalianza hivi. Dada yangu, aliyeolewa Bagamoyo, alipokea zamu yake ya upatu akanitumia fedha nimnunulie kichwa cha cherehani cha mtumba hapa Kariakoo. Meza alishaipata huko huko. Ilikuwa mwishoni mwa Desemba, shule zinakaribia kufunguliwa, na alishapokea fedha za watu awashonee watoto sare. "Mdogo wangu, kipakie kwenye basi, nitakipokea stendi," aliniambia.

Mimi nikajifanya mjuaji. Siku nyingi nilikuwa nawatambia washikaji kijiweni kwamba ipo siku nitakwenda Bagamoyo kwa Phoenix yangu, kilomita kama 70, nikae siku mbili tatu, nirudi. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nauli ya nini, na baiskeli ninayo?

Basi nikachukua mfuko wa shangazi kaja. Chini nikaweka cherehani, chuma kitupu, kama kilo 12. Juu yake jiko la mchina, sufuria, blanketi, redio, viatu jozi mbili na nguo za kutesea ufukweni. Mfuko wote nikaupandisha juu ya keria, nikaufunga kwa kamba ya katani. Dumu la maji la lita 5 nikalining'iniza kwenye usukani, begi jingine mgongoni. Nilipopita Msimbazi nilijiona babu kubwa!

Ubabu kubwa wenyewe uliishia mbele kidogo ya Mwenge. Kamba ililegea, mfuko ukalala kushoto, dumu likauvuta usukani kulia, ncha ya kamba ikaingia kwenye spoku. Nilijikuta nimelala pembeni ya lami, na lori limepita na honi yake karibu kabisa na kichwa changu. Spoku nne zimekatika. Gurudumu la mkono la cherehani limevunjika.

Nikampigia dada. Akauliza neno moja tu: "Umeumia?" Nikasema sijaumia. Akanyamaza. Ndugu zangu, afadhali angenitukana.

Nikarudi mjini ndani ya kirikuu, mimi, baiskeli na aibu yangu.

KIKAO CHA MTAANI

Kesho yake fundi cherehani alinitafutia gurudumu jingine, fedha zikatoka mfukoni mwangu. Kisha nikaikokota baiskeli mpaka kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli uchochoroni, si mbali na Msimbazi. Ujana wake aliumaliza akileta mkaa mjini kutoka Kisarawe, magunia mawili kwa safari moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mzigo gani umekuangusha?"

Hata sijaeleza, ameshajua! Nikamwambia nataka keria mpya, imara. Akasema hauzi keria kwa mtu asiyemjua mzigo wake. Akatandika turubai. "Mwaga vyote hapa."

Ndipo nilipoadhirika. Mama ntilie wa jirani alicheka mpaka akaacha chapati zake zikaungua. Mzee akagawa vitu mafungu matatu: cha kufika, cha njiani, na cha kujionyesha. Cha kufika ni cherehani. Cha njiani ni maji, chakula, zana, shuka na nguo za kubadilisha. Hilo fungu la tatu, msomaji wangu, ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Jiko, sufuria, redio, viatu... vyote vikarudi nyumbani. Huko Bagamoyo si kwa dada? Sasa jiko la nini?

MAMBO YA KUSHIKA

Haya ndiyo niliyofundishwa siku ile, nawe kama unataka kwenda mbali na mzigo, yashike.

Kwanza gurudumu la nyuma, maana ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito. Gonga spoku moja moja kwa kidole usikilize. Iliyokaza inalia, iliyolegea inanung'unika. Tairi lijazwe upepo mgumu kuliko siku zote.

Pili, keria. Ya dukani peke yake haitoshi. Mzee alipeleka yangu kwa mchomeleaji ikaongezwa miguu miwili ya nondo, inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Kila nati ikakazwa kwa spana malaya.

Tatu, kizito kikae chini na kwa pande mbili. Mzigo ukiwa juu, baiskeli inalewa. Umewahi kuwaona Wazungu wanaopita nchini kwa baiskeli, wana mifuko pembeni ya magurudumu? Mzee aliishona kwa viroba vya unga, akaining'iniza kushoto na kulia kwa shilingi kiduchu. Cherehani ikafungwa blanketi, ikakaa upande mmoja. Upande wa pili maji, zana na chakula mpaka uzito ukalingana. Juu ya keria likabaki shuka na nguo tu. Mifuko ikasogezwa nyuma kidogo ili kisigino kisiigonge wakati wa kukanyaga pedali. Kwenye usukani hakuna kitu, na mgongoni hakuna kitu, maana begi la mgongoni linauhamishia uzito wote makalioni.

Nne, achana na katani. Kata tyubu kuukuu ya gari iwe mikanda mirefu. Mpira unavutika, kwa hiyo mzigo ukitulia nao unaufuata. Funga mkasi, ncha zote uzichomeke ndani.

Tano, zana: viraka, solusheni, msasa, pampu, tyubu ya akiba, spana malaya, na spoku chache zilizofungwa kwenye fremu.

Halafu mtihani wenyewe. Mzee alishika usukani kwa mkono mmoja na tandiko kwa mkono wa pili, akaitikisa baiskeli kwa nguvu. "Sikiliza. Mzigo ukiongea, fungua ufunge upya. Mzigo usiongee!" Tulifunga mara tatu ndipo ukanyamaza. Akanionya: ukishakwenda kilomita 5 simama ukaze tena, na mteremkoni usisubiri kasi ndipo ukumbuke breki. Mzigo hauna breki.

MJI WA WABEBAJI

Unajua jina la Kariakoo lilitoka wapi? Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, hapa ndipo ilipokuwa kambi ya wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps. Ulimi wetu ukaligeuza jina likawa Kariakoo. Wapagazi wale walibeba risasi na chakula cha vita isiyowahusu, na maelfu kwa maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi. Na Bagamoyo nako karne ya 19 ndiko zilikoishia misafara ya pembe za ndovu kutoka bara, Wanyamwezi wakiwa ndio wapagazi waliosifika. Wengi husema jina hilo ni "bwaga moyo".

Kwa hiyo njia niliyoichagua kwa mbwembwe inaunganisha miji miwili ya watu wa mizigo. Mpaka leo mtu wa guta na kuli wa sokoni wanajua kupakia kuliko sisi tunaowapigia kelele watupishe.

SAFARI YA PILI

Niliondoka saa 11 alfajiri, Msimbazi ikiwa bado inapiga miayo. Jangwani, Magomeni, Kinondoni, Morocco, Mwenge. Pale nilipoanguka nilishuka nikaikokota baiskeli, mwoga simfichi. Kisha Tegeta, Bunju, Mapinga, ambapo nilisimama kunywa chai na kukaza mipira, halafu Kerege na Zinga. Malori yalipita na upepo wao, lakini baiskeli ilishika mstari wake. Mzigo ulikuwa kimya kabisa.

Saa 6 na nusu mchana nilikuwa mlangoni kwa dada. Miguu ilitetemeka kama ya mtoto wa mbuzi. Nilitegemea pole, nilitegemea maji ya kuoga. Wapi! Dada alikwenda moja kwa moja kwenye kiroba cha kushoto, akafungua blanketi, akaiweka cherehani mezani, akatia uzi, akachukua kipande cha kitambaa cha bluu akashona mstari mmoja. Akauangalia mshono mbele na nyuma.

"Haijaruka hata tundu moja," akasema. Ndipo akanigeukia. "Haya mdogo wangu, shikamoo yangu iko wapi?"

Nikaamkia. Nikabwaga moyo.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na wewe unayejiandaa kusafiri, mwaga kwanza vitu vyako kwenye turubai!