Moto Uliohamia Bafuni

Katika Tigoni ya utoto wangu, nyumba kubwa walizoacha walowezi ulizitambua kwa moshi wa uani. Baba alikuwa mpishi katika mojawapo. Saa kumi jioni, kabla hajagusa viazi, aliwasha kuni chini ya pipa lililojengewa matofali nyuma ya jikoni, lile ambalo kila mtu aliliita kuni busta. Maji baridi yalishuka kutoka tangi la juu yakaingia chini ya pipa. Yaliyopata moto yakapanda na kusukumwa hadi bafuni, ambako mwenye nyumba alikuwa na mifereji miwili ya kuchanganya apendavyo. Stima haikuhusika. Kazi yote iliyobaki ilikuwa kupasua mikaratusi, na hiyo ilikuwa ya baba.

Kwetu, hatua chache chini ya hapo, tulioga kwenye karai. Sufuria moja, watoto kadhaa, ukungu wa Julai nje ya mlango. Ukichelewa kurudi kutoka dukani, shauri yako.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilipanga chumba Roysambu, na hapo nikakuta kichwa cheupe cha plastiki juu ya bomba, kimetengenezwa Brazil, nyaya zake zikiingia ukutani. Niliona maajabu. Hakuna kungoja, hakuna tangi, hakuna kuni. Ndani ya kile kichwa mna kiwambo cha mpira: maji yakikisukuma, stima inaungana na waya uliojisokota unawaka papo hapo. Ukifungua mfereji kidogo mno, kiwambo hakisukumwi, unaoga baridi. Ukifungua sana, maji yanapita mbio kabla hayajapata moto, unaoga baridi vilevile. Kila mpangaji alijua mahali pa kuuachia mfereji wake, na mgeni alilazimika kufundishwa.

Yale maji hayakuwa mengi, na haikuwa kosa la mtu. Kichwa cha wati 5,500, maji yakiingia na nyuzi 18 nawe ukayataka yafike 40, hakiwezi kukupa zaidi ya lita tatu na nusu hivi kwa dakika. Tena hizo ni hesabu za stima iliyotimia volti 240. Jioni, jengo zima likipika na kuoga, ilikuwa ikishuka, na ikifika 200 karibu theluthi ya joto imepotea. Taa yangu ilififia kila jirani wa juu alipoingia kuoga. Nilijua ratiba yake kuliko mkewe.

Mama alipokuja kunitembelea alikitazama kile kichwa kwa muda mrefu.

"Mwanangu, stima na maji vikae pamoja, nami nisimame chini yake uchi?"

Nikacheka, lakini hakuwa na makosa. Kwa wiki kadhaa mfereji ule ulikuwa ukinirusha kidogo nikiugusa kwa mkono wenye maji. Fundi alipokuja kufungua aliukuta waya wa ardhini umekatwa, umekunjwa na kufungwa kwa tepu, kama mtu aliyeficha chenji. Ndio waya unaookoa maisha, na ndio wa kwanza kuachwa, kwa sababu bila huo maji yanapata moto tu.

Tulipojenga Limuru, mimi na mke wangu tulibishana. Mimi nilitaka vichwa vya papo hapo: bei nafuu, unalipia yale unayooga tu. Yeye alitaka mikseri yenye maji yanayoshuka kwa nguvu, na maji moto hadi kwenye sinki la vyombo. Majirani walikuwa na matangi ya jua juu ya mapaa. Kanuni za serikali za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafungwe mitambo hiyo. Mke wangu alishinda, tukaweka tangi la jua, na nafurahi alishinda. Lita nane au tisa kwa dakika zikikushukia mabegani, hesabu za tokeni unazisahau.

Fundi wa mabomba alitupa sharti moja: maji baridi ya mikseri yatoke tangi lilelile linalolisha la moto. Ukiunganisha baridi moja kwa moja na bomba la barabarani, alisema, siku presha itakapokuja itayasukuma yale ya moto yarudi juu, nawe utabaki na sabuni machoni. Baba naye alipanda ngazi kukagua. Akashika bomba la chini, akashika la juu, akatikisa kichwa. "Hii ni busta tu. Kuni ndizo hamna."

Bafu dogo karibu na jikoni tuliliachia kichwa cha papo hapo, safari hii cha maji ya chumvi, kwa kuwa ya kisima chetu hula waya wa kawaida upesi, na chenye waya wa ardhini niliouona kwa macho yangu ukifungwa. Mke wangu alisema nimepoteza pesa. Lakini Julai jua hupotea hata wiki nzima, na hita iliyo ndani ya tangi, ikiwashwa saa kumi alfajiri, humeza karibu yuniti tano kabla ya kifungua kinywa. Binti yetu huoga wa kwanza, bila haraka. Mimi hujiendea zangu bafu dogo, nikafungua mfereji robo.