Nilimsingizia kwa Mistari 2000

Nilimsingizia kijana wa watu. Nilisema mbele ya timu nzima kwamba amefuta historia ya amri kwenye seva ili kuficha alichofanya, na hakuwa amefuta chochote.

Seva yetu ni ya Ubuntu, na sote tulikuwa tukiingia kwa akaunti moja. Hilo peke yake ni kosa, na mimi msimamizi ndiye niliyeliruhusu. Folda ya nakala rudufu za hifadhidata ilipotoweka, nilifungua .bash_history nitafute rm iliyoiondoa. Sikuikuta. Amri za zamani hazikuwepo kabisa. Faili ilianzia katikati ya kazi ya mtu. Kijana ndiye aliyekuwa zamu, nami sikutafuta zaidi. "Dada, mimi sijaigusa hiyo faili," aliniambia. Sikumsikiliza.

Kilichonipa kiburi ni kwamba niliwahi kuirefusha historia ile mwenyewe. Katika .bashrc ya Ubuntu kuna mistari miwili inayofuatana: HISTSIZE=1000 na HISTFILESIZE=2000. Wa kwanza ni idadi ya amri ambazo Bash inazishika kwenye kumbukumbu wakati terminali iko wazi. Wa pili ni kiasi kinachobaki kwenye diski. Nilipandisha wa kwanza hadi 100000, nikafunga faili. Wa pili sikuugusa. Basi Bash ikawa inaikata historia kila mara, inabakiza 2000 za mwisho, na za nyuma zinapotea bila onyo lolote.

Baadaye sana ndipo nilipoandika wc -l .bash_history. Jibu likaja: 2000 kamili. Nilijua papo hapo nani wa kulaumiwa.

Hata kama historia ingekuwa nzima, haikufaa kuwa shahidi. Ubuntu huja na HISTCONTROL=ignoreboth, kwa hiyo amri inayoanza kwa nafasi haihifadhiwi. Bila HISTTIMEFORMAT hakuna tarehe. Na kwenye akaunti ya pamoja hakuna jina la mtu. Haya yote niliyajua siku ile nilipomnyooshea kidole.

Nilimwomba radhi mbele ya watu walewale. Folda hatujui hadi leo ilikwendaje. Wewe unayesimamia seva, fungua .bashrc leo, usome mistari yote miwili, na umpe kila mtu akaunti yake kabla hujamuuliza yeyote nani alifanya nini.