Meli Isitolewe Baharini kwa Pupa

Watu hunijua kwa kupiga mbizi, ila sehemu kubwa ya umri wangu katika akiolojia ya baharini imepita nchi kavu, penye matangi ya maji matamu. Huko ndiko nilikoufikia msimamo ninaoutetea: meli iliyozama isiopolewe mpaka maabara, fedha na watu wa kuitunza wawe tayari.

Sababu imo ndani ya mbao zenyewe. Taruma lililolala majini miaka 300 huonekana zima, hata alama za tezo la fundi ukizipapasa unazihisi. Kumbe ndani limekwisha kuliwa na kinacholishikilia ni maji. Likianikwa hujikunja, likapasuka, na alama zile zikapotea. Chungu nacho kikikauka kabla ya kutolewa chumvi, hubanduka uso. Vasa, meli ya Uswidi iliyozama 1628 na kuopolewa 1961, ilinyunyiziwa dawa miaka 17, ikakaushwa miaka mingine 9, na asidi iliyomo mbaoni bado inawasumbua watunzaji. Hiyo ni nchi tajiri.

Ndiyo maana nauheshimu sana uamuzi uliofanywa Mombasa. Santo António de Tanná, manowari ya Wareno, ilizama 1697 chini ya Fort Jesus, ngome ikiwa imezingirwa na Waomani. Kuanzia 1977 hadi 1980 Makumbusho ya Kenya na taasisi ya akiolojia ya baharini aliyoiasisi mwanaakiolojia George Bass waliichimba chini ya uongozi wa Robin Piercy, wakaipima, wakaichora, wakatoa vitu vya kuhifadhiwa ngomeni; kiunzi chenyewe wakakiacha kilipo.

Wapo wanaosema kuiacha meli huko ni kuwaachia wezi na nanga. Hoja hii ni nzito, maana mchanga ukisombwa, wadudu huzitoboa mbao, na wasaka hazina hawana huruma. Lakini dawa yake ni ulinzi. Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji nao unataka kuuacha urithi huo mahali pake kufikiriwe kwanza, na unakataza kuufanyia biashara. Wengine hulalamika kwamba mwananchi haioni meli yake. Ni kweli, na hilo linaniuma. Hata hivyo, mchoro sahihi utamfaa mjukuu wake kuliko rundo la vipande vilivyopasuka.

Ulinzi huo hauwezekani bila wenyeji. Meli ya Mombasa yenyewe iligunduliwa na wapiga mbizi wa hapo hapo. Basi nawaomba wavuvi na wazamiaji: mkiona mzinga au mbao za kale chini, msiziguse. Karirini mahali penyewe, kisha muwaarifu watu wa Makumbusho.