Mume Wangu, Treni Zake na Shoti Iliyotaka Kutuvunjia Nyumba

Kuna wanawake wanaoibiwa waume na nyumba ndogo. Mimi wangu aliibiwa na treni. Usicheke!

Tunaishi Bukima, huku Majita, Musoma Vijijini. Treni kwetu hakuna. Reli ya karibu iko Mwanza, nayo ilifika huko mwaka 1928, na wapo wazee hapa kijijini wasiowahi kuiona. Sasa mzee wangu alisomea ufundi Ujerumani akiwa kijana, akarudi na ugonjwa wa treni ndogo, zile ambazo kila kitu kimepunguzwa mara 87 na upana wa reli ni milimita 16.5. Miaka yote ya kazi Dar es Salaam alikuwa akizikusanya kwenye maboksi. Alipostaafu mwaka 2019 nikajua kiinua mgongo kitamalizia bafu na tenki la maji. Kumbe mwenzangu ana yake. Chumba cha wageni kikageuka stesheni!

Nilinuna. Majirani wakanong'ona kwamba mzee amerudia utoto. Aliyefurahi ni mmoja tu: mjukuu wetu wa miaka tisa, tunayeishi naye. Akitoka shule, hata viatu havui, yuko kwa babu.

Hizi si treni za kuwasha na kuzima kama redio. Ni za kidijitali. Reli zote mbili zina umeme muda wote, kama volti 15 hivi, na kila kichwa cha treni kina kidude ndani kinachosikiliza amri yake. Unaweza kuendesha treni tatu kwenye reli moja, kila moja na mwendo wake. Raha tupu. Lakini ubaya wake ni huu: gurudumu moja likigusa pasipotakiwa, ikapigwa shoti, mtambo unajikata na treni zote zinasimama. Mmoja akikosea, wanalala giza wote.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mzee alikuwa ameongeza kipande cha reli kinachozunguka na kurudi kilikotoka, kama barabara ya kugeuzia basi. Mjukuu alikipenda kuliko vyote. Treni ikiingia, sawa. Ikitoka tu, pwaa! Kimya chumba kizima.

“Umegonga tena! Mikono yako ina nini?” Babu anafoka.

“Babu, sijafanya kitu.”

“Nani kafanya, mimi?”

Ikawa kila siku. Siku moja mtoto aliweka rimoti mezani taratibu, akatoka. Wiki mbili hakukanyaga tena chumba kile. Akawa mkimya hata mezani, babu yake akiingia yeye anainamia sahani. Niliumia. Nikisema, naambiwa namdekeza. Mwisho na sisi tukanuniana, nyumba ya watu watatu ikawa kama kituo cha basi, kila mtu na safari yake.

Jioni moja nakaanga sato, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikadhani ni jikoni. Wapi! Behewa lilikuwa limeacha reli kule mwisho wa meza, magurudumu yanaunguza, na safari hii mtambo haukujikata. Nikachomoa plagi ukutani. Nikamwambia, “Baba, ama utengeneze hiki kitu kisawasawa, ama mimi na mtoto tunahamia kwa dada yangu Bunda.” Sikuwa natania.

Usiku ule hakulala. Asubuhi alinikuta jikoni akaniomba sarafu ya shilingi 200. Nilishangaa, nikaenda kuangalia. Akailaza sarafu juu ya reli mbili karibu na mtambo: ukajikata papo hapo. Akahamia kule mwisho wa meza: haukujikata, akaiondoa haraka. “Umeona?” akasema. “Nyaya zangu ni nyembamba na ndefu. Shoti ya mbali inafika kwa mtambo imepungua nguvu, unadhani ni treni tu inakula umeme.” Volti 15 kwa ampea tano ni wati 75, joto la ile balbu ya zamani, limekaa kwenye gurudumu moja dogo. Plastiki itapona?

Akabadilisha nyaya, akaweka nene, akaziunga na reli sehemu nyingi. Akaigawa meza vipande vinne, kila kimoja na breka yake, ili shoti ya huku isizime kule. Akapita na sarafu meza nzima, kila mahali mtambo unakata.

Kisha akaja kwenye ule mzunguko, akaendesha treni mwenyewe. Ikaingia. Ikatoka. Pwaa!

Alikaa chini. Reli inayozunguka na kurudi, ile ya kulia inakuja kukutana na ya kushoto. Umeme unagongana, hata dereva awe malaika. Dawa yake ni kukata reli pande zote mbili za mzunguko na kuweka kidude kinachogeuza umeme chenyewe treni inapopita. Yeye alikata tu, kidude hakuweka. Kosa lilikuwa lake tangu siku ya kwanza.

Ndugu zangu, mnawajua wazee wetu wa Kijita. Kumwomba radhi mtoto? Nilimwambia, “Kidude utaagiza. Lakini yule hukumkata waya, ulimkata moyo.” Hakunijibu. Jioni mtoto aliporudi, nikamsikia akimwita sebuleni: “Mjukuu wangu, treni ilikuwa inasimama kwa kosa la babu. Wewe hukukosea hata mara moja. Nisamehe.” Mtoto akanitazama mimi kwanza, kana kwamba anauliza kama inaruhusiwa. Nikamwitikia kwa kichwa. Nikakimbilia jikoni, vitunguu vikanisaidia kuficha machozi.

Kidude kilifika baada ya miezi miwili. Aliyekifunga ni mjukuu, babu ameshika tochi.

Bafu langu? Bado. Ila nimejifunza: nyumba ikipiga shoti, usikimbilie kumfokea aliyeshika rimoti. Ondoa treni zote, tenga kipande kimoja kimoja, kagua hadi ulipopaunga wewe mwenyewe.

Na ukikuta kosa ni lako, liseme kwa sauti ileile uliyofokea.