Paka wa Leicester na Alama Iliyo Chini ya Ngozi

Mji wa Leicester umo katikati ya Uingereza, mbali na bahari pande zote, wala mtu wa Mwambao hatarajii kusikia salamu za kwao huko. Hata hivyo, ukipita mtaa wa Highfields na barabara ya Evington, si ajabu muuza duka akakujibu kwa Kiswahili, kwani jamaa wengi wenye asili ya Bara Hindi waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania walihamia mji huo katika miaka ya 1960 na 1970. Nyumba ni za matofali mekundu, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na nyuma yake pana nyua nyembamba. Juu ya kuta za nyua hizo ndipo paka wapitapo, kutoka mlango huu hadi ule, kama wapitavyo katika vichochoro vya Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa.

Tofauti ni kwamba paka wa kule, ajapotembea peke yake, hubeba ushahidi wa mwenyewe mwilini. Tangu tarehe 10 Juni 2024, sheria ya England inamtaka kila afugaye paka amtie chipu kabla hajafikisha umri wa wiki 20. Akipatikana hana, mwenyewe hupewa siku 21 kutimiza wajibu huo, na akipuuza aweza kutozwa faini ifikayo pauni 500. Paka wanaoishi bila ya kumtegemea mtu hawamo katika sheria hiyo.

Chipu yenyewe ni kidude kidogo mfano wa punje ya mchele. Daktari wa wanyama hukitia kwa sindano chini ya ngozi, baina ya mabega. Hakina betri, wala hakionyeshi paka yuko wapi. Ndani yake mna nambari tu, kwa kawaida yenye tarakimu 15, ambayo husomwa kwa kifaa maalumu. Jina na simu ya mwenyewe huandikwa katika daftari la kompyuta chini ya nambari hiyo.

Nilipowazuru jamaa zangu huko, paka wa rangi ya mchanga alikuwa akiingia jikoni mwao kila siku. Binti wa nyumba, mtoto wa miaka tisa, alimpa vipande vya kuku, akamtandikia kitambaa, na baada ya wiki tatu akamwita wake. Mama yake akamwambia, “Mwanangu, huenda huyu ana mwenyewe.” Mtoto akajibu, “Mama, angekuwa na mwenyewe asingekuja na njaa.” Mama hakubishana naye. Alimpeleka paka kwa daktari, kifaa kikapitishwa mabegani, nambari ikatokea. Jioni akaja bibi mzee wa mtaa wa pili, mjane, ambaye paka huyo alikuwa ndiye mwenziwe nyumbani, na alikwisha kata tamaa. Mtoto alilia sana. Bibi akamshika mkono, akamwambia mlango wake u wazi, aje amtazame paka wakati wowote.

Hapo zilikutana haki mbili: haki ya aliyemlisha mnyama na haki ya aliyepotelewa. Lau si ile alama, nani angeamua? Dini yetu imetufundisha kuwa aokotaye kitu ajue alama zake na akitangaze, ili mwenyewe akija akitambue na kurudishiwa. Chipu yaifanya kazi hiyo ya kutambulisha, na ukosi wa shingoni, ambao hukatika na kupotea, hauwezi kuifanya kwa uhakika huo.

Kina mama wameniuliza kama si kumwonea mnyama. Katika hadithi ya Anas (r.a.) imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwatia alama ngamia wa sadaka kwa mkono wake, na katika hadithi ya Jabir (r.a.) kwamba alikataza kuwatia wanyama alama usoni. Basi alama ya kumtambulisha mnyama ina asili, na mipaka yake ni huruma. Sindano hii ni nene kidogo kuliko ya chanjo, na uchungu wake ni wa mara moja, wala haina moto. Sioni ubaya wake, wallahu aalam.

Kwetu jambo hili halijawa desturi, lakini familia zinazohamia Ulaya na paka wao zitalihitaji. Nazo zizingatie utaratibu: chipu hutangulia, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, na hulazimu kuchanjwa upya. Maandalizi huchukua miezi, basi yasingojee tikiti ya ndege.

Na aliyekwisha kumtia paka wake chipu ajue kuwa nambari haina faida ikiwa simu iliyoandikwa ni ya zamani. Ukihama nyumba au ukibadili simu, badilisha na daftari. Chipu haimlishi paka wala haimfungulii mlango usiku wa mvua; hayo yamebaki kwetu. Yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka alimfungia bila ya chakula, wala hakumwacha ajitafutie. Mnyama aliye mikononi mwetu ni amana, na kumtambulisha ni sehemu moja tu ya kuitunza.