Safari ya Wapi?

Baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi, na alipenda sana orodha. Nikiwa darasa la tano alinikalisha mezani, nyumbani kwetu Sumbawanga, akaandika kwenye daftari langu: "Where are you going?", "Where are you heading?", "Where are you headed?", "Where are you off to?" Chini yake akapiga mstari kwa wino mwekundu na kuandika: zote ni sawa, chagua yoyote.

Nilimwamini kwa miaka mingi. Nilikwenda nazo sekondari, nikakwenda nazo chuo kikuu Dar es Salaam. Kazi ya uandishi wa habari ndiyo iliyonifundisha kwamba sawa si sawa kabisa. "Headed" utaisikia zaidi kwa Wamarekani, "heading" kwa Waingereza. Ile ya "off to" ni ya watu wanaojuana: jirani kakuona umevaa viatu vizuri, anakuchokoza kidogo. "Going" haina makuu, inafaa popote, ila ukikaza sauti tu inageuka kuwa ya askari kwenye kizuizi.

Nikajiuliza: sisi je? Kumbe na sisi tunazo tele. Mpiga debe pale stendi hana muda wa sarufi: "Wapi, braza? Laela? Matai? Namanyere?" Ukishakaa ndani, kondakta anauliza, "Unashukia wapi?" kwa sababu anachotaka ni nauli. "Unaelekea wapi?" inaulizia upande, si lazima mwisho wa safari. Na "Safari ya wapi?" ina heshima ndani yake, inamchukulia mtu kuwa ana shughuli ya maana hata kama anakwenda dukani kununua chumvi.

Bibi yangu hakutumia hata moja. Kwake, kumuuliza anayetoka alfajiri aendako ilikuwa kumtia mkosi. Alisema tu, "Haya, unatoka," kisha akanyamaza. Ukipenda utamjibu, usipopenda utakwenda zako. Labda si ajabu katika mji ambao jina lake lenyewe, kama tulivyoambiwa tangu utotoni, ni amri kwa anayeingia: tupa uchawi.

Sasa Baba ni mstaafu, na kumbukumbu zimeanza kumtoka. Mama alinipigia simu mwezi wa sita: mzee anaamka gizani, anavaa koti, anafungua mlango na kuondoka. Mji wetu uko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya mwezi huo si ya mchezo. Nikaomba likizo, nikapanda basi.

Alfajiri ya kwanza nilimkuta mlangoni. "Baba, unakwenda wapi?" Niliuliza kwa upendo, naapa. Akanitazama kama mtu aliyesimamishwa na polisi. "Wewe ni nani wa kuniuliza mimi?" Akausukuma mkono wangu.

Siku ya pili nikabadilisha. "Baba, unaelekea wapi?" Akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Midomo ikaanza kutetemeka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona baba yangu analia. Nilikuwa nimemuuliza kitu kile kile alichokuwa amekipoteza.

Siku ya tatu nilivaa koti langu kabla yake, nikamngoja nje. "Shikamoo, mwalimu. Safari ya wapi leo?"

Akanyoosha mgongo. "Marahaba. Shuleni. Watoto wananisubiri."

"Basi nikusindikize kidogo."

Tukatembea taratibu, hatuongei, hadi jua lilipochomoza juu ya milima ya Mbizi. Alipochoka nikamwambia leo ni Jumamosi, shule imefungwa. Akacheka, akasema nilipaswa kumkumbusha mapema, tukarudi kunywa chai. Tulifanya hivyo kila siku kwa wiki mbili. Jumamosi kumi na nne mfululizo, na hakulalamika hata mara moja.

Mama sasa anajua cha kuuliza. Namsikia kwenye simu asubuhi nyingine, "Mwalimu, safari ya wapi?" na nyuma yake sauti ya Baba ikijibu.

Siku ya kuondoka, basi la Dar lilikuwa la alfajiri. Nilipobeba begi nilimkuta sebuleni, koti tayari mwilini. Aliliangalia begi, akaniangalia mimi, akatabasamu kama zamani akiwa na chaki mkononi.

"So," akasema, "where are you off to?"

Jina langu alikuwa ameshalisahau tangu juzi yake. Lakini katika zile nne, alichagua ile ya watu wanaojuana.